Noti Zisizonunua Hata Mkate

Huenda msomaji wetu akastaajabu kuambiwa kuwa wako watu wazitafutao na kuzihifadhi noti za Kijerumani zilizokufa zamani. Sisi twaona ndani ya karatasi hizo mna mazingatio makubwa.

Mwaka 1914, kabla ya vita, dola moja ya Kimarekani ilikuwa kwa maki 4.2. Serikali ikakopa ipate kupigana, na vita vilipokwisha ikazidi kupiga chapa noti ilipe gharama zake. Ilipofika Novemba 1923, dola ile ile ilikuwa kwa maki 4,200,000,000,000. Mwenye kazi alipokea ujira wake akakimbilia dukani kabla bei haijapanda. Na mjane aliyeweka akiba umri mzima hakupata kwayo hata mkate.

Noti hizo zina alama zake. Nyingi zilichapwa upande mmoja tu, kwa haraka. Noti ya maki 1,000 ya Desemba 1922 iligongwa juu yake, kwa wino mwekundu, maki bilioni moja. Mji wa Bielefeld ulitoa hata noti za hariri. Anayeanza kukusanya asihadaike na wingi wa sufuri: noti za mamilioni zimejaa tele, lakini ile ya trilioni 100 ya mwaka 1924 ni adimu.

Novemba 1923 ilitoka Rentenmark, moja kwa maki trilioni moja. Sufuri zikaondoka, akiba za watu zisirudi. Basi anayezihifadhi noti hizi ahifadhi ushahidi: karatasi haina thamani ila kwa uaminifu wa aliyeitoa.