Panga si shoka

Jumamosi moja nilikwenda Majengo, Pumwani, kumjulia hali shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi ameuza mahamri na mbaazi mbele ya mlango wake. Nilimkuta akipambana na gogo la mkaratusi lililokauka. Panga alilolishika lilikuwa jipya, jembamba, nami ndiye niliyelinunua dukani na kumpelekea. Pigo la tatu likanasa. Alipolivuta, mpini ukachomoka na kengee ikamkwaruza kiganja.

"Mwanangu," akaniambia, "ulininunulia la kufyekea."

Alisema kweli, na mimi ninayefundisha isimu sikuwa na udhuru. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kazi hii: nyasi hufyekwa, matawi hutemwa, kuni huchanjwa. Methali yetu yasema shoka lisilo mpini halichanji kuni, panga haikulitaja. Neno panga lenyewe ni upanga uliodondoshwa kiambishi ili kuonyesha ukubwa, kama kapu lilivyotokana na kikapu. Lakini kukuza jina si kuongeza uzito.

Panga la kiwandani, la aina ambayo kampuni kama Ralph Martindale ya Birmingham zilisambaza katika makoloni ya Uingereza, huwa na unene wa milimita 2 au 3 hivi. Shambani wembamba huo ni sifa, maana mkono hauchoki upesi. Katika mti mkavu, hata hivyo, bapa lake halipanui ufa, hubanwa tu. Shoka ni kabari, huingia na kusukuma pande mbili. Sime ya Wamaasai nayo ina makali huku na huku, hivyo haina mgongo wa kugongwa kwa rungu. Tuiache kiunoni.

Baada ya kumfunga kiganja tulikwenda Kamukunji kupitia Gikomba. Huko mapanga hufuliwa kwa springi kuukuu za malori, chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali. Hupashwa moto katika makaa, hufuliwa, kisha hutoswa. Kikitoswa kikaachwa bila kupashwa tena kwa moto mdogo, huvunjika kama kigae. Kisipoiva, makali hujikunja. Nililochagua lilikuwa na mgongo maradufu ya lile la dukani, na mpini wake ulishikwa kwa misumari iliyopenya chuma chenyewe.

Bei ilizidi ya dukani, na hapa ndipo wengi wetu hugeuza nyuso. Isitoshe, watu hawa tunawaita "jua kali", jina lililotokana na kufanya kazi pasipo paa, kana kwamba jua ndilo taaluma yao. Lugha yetu ina neno mhunzi tangu kale. Anayesoma kwa macho rangi ya chuma kilichoiva anastahili kuitwa hivyo, na kulipwa hivyo.

Nilikuwa nimekwisha kutoa pesa alipouliza kazi ya panga. Shangazi akanitangulia kujibu: kuchanja kuni.

"Basi, mama, usilichukue hili," akasema yule mhunzi, akilirudisha mahali pake. "Hili ni la kutema matawi. Kwa kuni kavu nitakupa shoka."

Tulirudi Majengo na shoka, na chenji. Lile panga jembamba nimelitia mpini mpya. Shangazi hulitumia kufyekea nyasi kando ya mfereji.