Tumaini Baada ya Maangamizi: Tamthilia ya "Station Eleven" na Janga la Korona

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi tumaini linavyojengwa katika Station Eleven, tamthilia ya televisheni yenye sehemu 10 iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Desemba 2021. Mtunzi wake, Patrick Somerville, aliitoa katika riwaya ya Emily St. John Mandel ya mwaka 2014. Kisa chenyewe ni cha homa iliyofagia takribani wanadamu wote. Miaka 20 baadaye, kundi la waigizaji na wanamuziki lazunguka kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, likiwachezea waliosalia michezo ya Shakespeare.

Sehemu ya kwanza na ya tatu zilipigwa picha mjini Chicago mapema mwaka 2020, kabla janga la Korona halijasimamisha kazi. Kazi iliporejelewa mwaka 2021, huko Ontario, Kanada, wasanii walikuwa wakiigiza msiba ambao wao wenyewe wamo ndani yake. Hapo ndipo linapozuka swali zito: je, ni halali kusimulia tumaini ilhali watu wangali wanazika?

Tamthilia yajibu kwa fani yake. Kwanza, ni mpangilio wa wakati. Tangu mwisho wa sehemu ya kwanza, mtazamaji keshamwona Kirsten, aliyekuwa mtoto siku ya maafa, akiwa mtu mzima. Basi haulizi tena kama atapona, bali ataishije na kumbukumbu ya waliokufa. Pili, ni mchezo ndani ya mchezo. Katika sehemu ya mwisho Hamlet huigizwa katika uwanja wa ndege. Kijana aliyefarakana na mamaye huwa Hamlet, na mama huyo huwa Gertrude. Yale waliyoshindwa kuambiana kwa vinywa vyao, huambiana kwa vinywa vya wahusika.

Ni dhahiri, basi, kwamba tumaini hili si dawa ya kupaka juu ya kidonda kibichi. Wafu hawafufuki, wala dunia ya awali hairejei. Tumaini ni kazi: kukariri maneno, kutengeneza mavazi, na kurudi kila mwaka kwa watu walioahidiwa. Msanii anayesimulia tumaini la namna hiyo hawadhihaki wafiwa. Huwaonyesha la kufanya baada ya matanga.