Mkia wa Molekuli na Jani la Mpamba

Jani la mpamba lina utando mwembamba wa nta, hivyo tone la maji matupu hujikusanya juu yake badala ya kutandaa. Ndiyo maana dawa ya wadudu inayopuliziwa mashambani Bariadi, Itilima na Meatu hutoka kiwandani ikiwa na safaktanti, ndugu wa sabuni: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli hizo hujipanga vichwa majini, mikia hewani, na kuanzia hapo tabia ya tone huamuliwa na ncha za mikia. Mvutano wa uso wa maji ni kama milinyutoni 72 kwa mita. Mikia ya kaboni na haidrojeni huushusha, mara nyingi hadi kati ya 25 na 40. Haidrojeni zikipisha florini, hufika 15 hadi 20.

Wengi husifu florini yenyewe, ilhali sifa kubwa ni ya umbo. Florini hushikilia elektroni zake kwa nguvu, hivyo mikia yake haivutani sana; lakini rudisha haidrojeni moja tu kwenye ncha, na mvutano hupanda, ingawa florini nyingine zote zipo palepale. Kinyume chake, mkia usio na florini hata moja, ukitawanywa ncha kama miiba ya nungunungu, hukaribia 25. Wenye viungo vya silikoni na oksijeni hufika karibu 21.

Atakayepinga atataja moto wa petroli, ambako povu la florini hutandaza utando wa maji juu ya mafuta. Ni kweli, huko mvutano wa 30 haufai kitu. Ila jani si petroli, na dawa inayotandaa kupita kiasi huchuruzika chini. Mwingine atasema mikia mifupi ya florini yenye kaboni 4 imechukua nafasi ya ile ya 8, ambayo kinara wake, PFOS, iliwekewa vizuizi na Mkataba wa Stockholm mwaka 2009. Mifupi haijikusanyi sana mwilini, sawa, lakini kiungo cha kaboni na florini hakivunjiki kwa urahisi, na ufupi huo ndio unaoifanya isafiri na maji upesi zaidi. Na maji ya huku hayaishii mashambani: Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Kwa pamba, florini ni nguvu isiyo na kazi.