Uvimbe wa Taya kwa Watoto: Nyapara Asiyeondoka Shambani



Tukitembelea vikundi vya Migori na Homa Bay, swali moja hurudi. Mbona mtoto mzima wa miaka mitano au sita avimbe taya, au tumbo, na uvimbe uongezeke kila siku? Wengine husema ni jino, wengine chira, wengine jirani mbaya. Lakini ugonjwa huu una jina: kansa ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka wa 1958.

Kitabu na nyapara

Ndani ya kila seli mna kitabu cha maagizo kiitwacho DNA, kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kila agizo huitwa jeni. Lakini kitabu hakijisomi chenyewe. Kuna protini ambazo kazi yao ni kushika DNA mahali fulani na kuamsha jeni iliyo karibu. Mojawapo ni MYC, nyapara wa ukuaji.

MYC hafanyi kazi hii peke yake. Hufungwa pamoja na protini nyingine, MAX, kama ng'ombe wawili kwenye nira. Wakiwa wawili huibana DNA kama koleo. Hawaifungui, huingia katika mfereji wake na kupapasa kingo za herufi, kama kipofu asomavyo kwa vidole. Neno wanalolitafuta ni CACGTG. Wakilipata, hushika, na seli huambiwa: kua, gawanyika.

Kwa kawaida kazi ikiisha, MYC huondolewa upesi. Katika kansa hii, kromosomu ya 8 yenye jeni ya MYC hukatika, na kipande chake mara nyingi huungana na kromosomu ya 14, kando ya jeni za kinga ambazo katika seli hizo hazilali. Basi MYC hutengenezwa bila kipimo. Neno ni lile lile. Waliozidi ni wanyapara. Seli za uvimbe zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili tu!

Kwa nini huku kwetu?

Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huu kutoka Uganda. Watoto wengi wetu hupata virusi hivyo wakiwa wadogo bila kuugua kansa. Lakini malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli za kinga kugawanyika sana, na makosa ya kukatika huongezeka. Kumbe si chira, wala mtoto hamwambukizi mwenzake kansa hii.

Tufanye nini?

Dawa za kansa huua zaidi seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo uvimbe huu huweza kupona kabisa ukiwahiwa. Msingoje wiki nyingi, wala msikimbilie kung'oa jino. Nendeni hospitali, muulize juu ya rufaa. Jiandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na watoto walale ndani ya neti.

Ya kujadili kikundini

1. Mtoto akivimba taya hapa kwetu, tunampeleka wapi kwanza?
2. Je, mfuko wa kikundi unaweza kutoa nauli siku hiyo hiyo?