Chembe Nyeupe Chache, Afya Tele

Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta hupita nchi kavu, Mwatate, Bura, Maktau, vumbi na nyasi za Tsavo, hadi unapokaribia mpaka wa Kenya na Tanzania. Hapo maji yanatokea: chemchemi za Njoro Kubwa, mto Lumi, ziwa Jipe, migomba na mifereji. Joto na maji vikikutana, mbu hahitaji mwaliko. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1950 watafiti wenye makao Amani, Tanganyika, waliendesha Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Nyumba za pande zote mbili za mpaka zilipuliziwa dawa ya dieldrini hadi 1959. Malaria ilipungua sana. Upuliziaji ulipokoma, ikarudi pole pole.

Malaria hiyo ilikuwa hasa ile ya kimelea kiitwacho falciparum. Ile ya vivax, inayosumbua watu wengi Asia na Amerika ya Kusini, haikushika mizizi huku, ingawa nafasi ya kufika iliipata. Reli ya Uganda ilipopita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, ilijengwa na maelfu ya vibarua kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na Punjab vivax ni ya tangu zamani. Mbu walikuwapo. Kilichokosekana ni damu ya kuipokea.

Maelezo yake yalianzia London mwaka 1950, pale protini mpya ya damu ilipotambuliwa kwa mgonjwa wa himofilia aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Ikapewa jina lake, Duffy. Mwaka 1976 Mmarekani Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na Duffy kwenye chembe nyekundu hawakuambukizwa vivax hata walipoumwa na mbu wenye vimelea hivyo. Afrika Mashariki na Magharibi, wengi mno ni wa kundi hilo. Sababu, iliyojulikana mwaka 1995, ni herufi moja tu ya jeni iliyobadilika: Duffy haitengenezwi tena katika chembe nyekundu, lakini kwenye kuta za mishipa ya damu imebaki. Kinga hiyo si kamili. Wagonjwa wachache wa vivax wasio na Duffy wameripotiwa Magharibi mwa Kenya na Madagaska.

Lakini Duffy haikuumbwa kwa ajili ya malaria. Mwaka 1993 iligunduliwa kwamba kazi yake ni kunasa kemokini, nazo ni protini ndogo zinazotolewa na seli zilizojeruhiwa au kuvamiwa. Kemokini ni mbiu ya mgambo: ikilia, chembe nyeupe hutoka kwenye damu na kukimbilia penye jambo. Pale zinapofika huwa pekundu, pa moto, pamevimba na panauma. Huo ndio mchochota, na bila huo kidonda cha jembe tu kingeweza kutuua.

Balaa ni mbiu isiyonyamaza. Katika baridi yabisi chembe nyeupe huendelea kuitwa kwenye viungo visivyo na adui, zikavila. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo, na mwitikio wa mwili wenyewe huongeza madhara. Tafiti za Ghana na India zilikuta kemokini iitwayo CXCL10 ikiwa juu zaidi kwa wagonjwa waliokufa. Kwa hiyo kuua vimelea ni sehemu moja tu ya vita.

Kwangu mimi, linalotugusa zaidi leo ni jingine, nalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba asiye na Duffy kwenye chembe nyekundu huwa na neutrofili chache katika damu, hizo chembe nyeupe zilizo mstari wa mbele dhidi ya bakteria. Uboho wake ni mzima, na maambukizi hayamwandami kuliko wengine. Hata hivyo vitabu vingi vinataja 1,500 kwa kila mikrolita kuwa mpaka wa chini, na mpaka huo ulitokana zaidi na damu za Wazungu. Mtu mzima kabisa anaweza kuandikwa mgonjwa, akacheleweshewa dawa za saratani au akanyimwa klozapini ya maradhi ya akili. Marekani ilishalegeza masharti ya klozapini kwa watu wa aina hii mwaka 2015. Maabara zetu zina sababu gani ya kuendelea na vipimo vya kuazima?

Basi ukipewa karatasi ya maabara inayosema neutrofili zimepungua, na huna homa wala maradhi ya kujirudia, muulize daktari kama kiwango hicho kilipimwa kwa watu wa huku kabla ya kuingiwa na hofu. Na ukipatwa na homa baada ya kulala Taveta, usijifariji kwa kukosa Duffy. Falciparum haiihitaji, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo.