Hoja Zinapopinda: Msitu na Theluji ya Kilimanjaro

Ubishi juu ya theluji ya Kibo haukosi wasemaji katika vijiji vya magharibi ya mlima. Mathalani, ndani ya gari litokalo Boma la Ng'ombe kwenda Sanya Juu, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima, mzee mmoja aweza kukinyoshea kilele kidole na kusema: "Zamani kilikuwa cheupe chote. Watu wakakata miti, theluji ikaondoka. Tupande miti, itarudi." Mwanafunzi aliyeketi kando yake akajibu: "Lakini babu, mwalimu alisema sababu ni joto la dunia." Mzee akacheka: "Wewe mjukuu wangu umezaliwa juzi, theluji ya zamani umeiona wapi?" Na abiria wa nyuma akadakia: "Wataalamu walisema itakwisha kabla ya 2020. Mbona ipo? Basi haipungui kitu."

Hoja zote nne zina kasoro, ingawa si kila lililosemwa ni uongo. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapoanza kujifunza mantiki: hudhani kwamba hoja potofu ni maneno ya uongo. La hasha. Mtu aweza kusema kweli kwa hoja mbovu. Upotofu umo katika hatua, yaani namna mtu anavyoruka kutoka kwenye ushahidi hadi kwenye hitimisho.

Hoja ya kwanza ya mzee ndiyo yenye mvuto zaidi, kwa hiyo yafaa ichunguzwe kwa makini. Miti ilikatwa, kisha theluji ikapungua. Basi ukataji ndio uliopunguza theluji. Kwa mantiki hiyo hiyo jogoo ndiye aletaye mapambazuko, maana huwika kwanza, kisha kukapambazuka. Kutangulia peke yake hakutoshi kuwa sababu. Anayedai sababu hana budi kuulizwa: jambo lilianza lini hasa, na ni njia gani inayounganisha hili na lile?

Kuhusu wakati, kumbukumbu zipo. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alirudi mlimani mwaka 1898 na kuona kwamba barafu ilikuwa imerudi nyuma. Ramani ya mwaka 1912 huonyesha barafu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2000 zilibaki kama 2.5. Upungufu, basi, ulikwisha anza zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Kuhusu njia, kilele kina urefu wa meta 5,895, na hewa ya huko kwa kawaida ni baridi kuliko kiwango cha maji kuganda. Sehemu kubwa ya barafu ya juu haiyeyuki ikawa maji. Jua kali huigeuza mvuke moja kwa moja. Kinga yake ni theluji mpya, ambayo kwa weupe wake huirudisha miali ya jua. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki iligeuka kuwa kavu zaidi, hata kina cha Ziwa Victoria kikashuka. Theluji mpya ikapungua na barafu ikabaki bila kinga. Mwaka 2012 Thomas Mölg na wenzake walichapisha utafiti uliopima athari ya kutoweka kwa misitu ya mlimani juu ya barafu hiyo, wakaiona kuwa ndogo.

Je, mwanafunzi ameshinda? Bado. Alichotoa ni jina la mwalimu, si ushahidi. Tena, wote wawili wamejadili kana kwamba sababu ni lazima iwe moja tu, ama miti ama joto, ilhali ukavu umekuwa na sehemu yake kubwa. Joto la bahari nalo hubadili mwenendo wa mvua, na wanasayansi wangali wakijadili kila sababu ina uzito gani.

Jibu la mzee juu ya umri halikugusa hoja, lilimgusa msemaji. Shuleni upotofu huu una mfano wa nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa ulioingizwa katika jokofu ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliambiwa amechanganyikiwa, baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, jina lake likawa mzaha darasani. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakumcheka bali alikwenda kujaribu, na mwaka 1969, Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka juu ya Moshi, makala yao ikachapishwa.

Lakini mtego wa pili wawangoja wampendao Mpemba: "Alichekwa, kwa hiyo alikuwa sahihi." Wengi huchekwa nao wamekosea. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya, wasipate ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Ubishi ungali wazi, na kicheko hakikuwa hoja hapo kale wala si hoja leo.

Amebaki abiria wa nyuma. Ni kweli kwamba mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kuwa barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020, na haikutoweka. Kosa la tarehe lakini halifuti vipimo. Basi likichelewa, abiria hasemi kwamba halisafiri.

Kwa nini ubishi wa garini upewe uzito huu? Kwa sababu ya maji. Upande wa Sanya Juu ni mkavu kuliko upande wa kusini wa mlima, na maji mengi ya mito na mifereji ya Kilimanjaro hayatoki katika barafu bali katika ukanda wa msitu, ambako mvua ni nyingi na ukungu hunaswa na matawi. Mzee alikuwa sahihi kabisa kutaka msitu ulindwe, ila sababu aliyoitoa ni ya hatari. Wanakijiji wakipanda miti ili theluji irudi, nayo isirudi, watasema kazi ilikuwa bure. Na moto kama ule wa Oktoba 2020 utakapozuka tena juu kwenye vichaka, nani atapanda kuuzima?

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Mtu asema: "Msitu hutunza maji. Mikaratusi ni miti, na miti mingi ni msitu. Basi tupande mikaratusi kuzunguka chemchemi yetu." Ni hatua ipi iliyopinda, na ni kipimo gani, kikichukuliwa kwenye chemchemi wakati wa kiangazi, kitakachoionyesha?