Nusu kaputi: usifiche kuwa umekula

Wapo wagonjwa wanaoogopa nusu kaputi kuliko kisu chenyewe. Leo, inshaallah, tueleze dawa hiyo inafanya nini, na kwa nini mgonjwa huambiwa asile kabla ya operesheni.

Nusu kaputi ni dawa ya usingizi inayopitia kwenye mshipa kwa sindano, au hewani kwa kuvutwa, au kote kuwili. Usingizi wake si kama wa kitandani. Aliyelala nyumbani ukimfinya huamka, na mate yakimpalia hukohoa. Aliyepewa nusu kaputi hasikii maumivu wala hakohoi, na mara nyingi husaidiwa kupumua kwa mpira uliopitishwa kooni. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hukaa naye muda wote, akiangalia mapigo ya moyo, presha na oksijeni.

Hatari ni kwamba chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni. Hilo linaweza kuua.

Kwa kawaida chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe huachwa masaa 6 kabla. Mlo mzito wa mafuta masaa 8. Maziwa ya mama masaa 4. Maji matupu masaa 2. Uji ni chakula. Ewe mama, usimpe mtoto uji kwa siri kwa kumwonea huruma. Fuata saa mliyopewa hospitalini.

Tena, mfungo huu si saumu. Mtu hula daku saa 10 alfajiri, akapelekwa chumba cha upasuaji saa 3 asubuhi, na akiulizwa hujibu, "Nimefunga." Ni kweli amefunga, lakini ni masaa 5 tu. Taja ulichokula na saa uliyokula.

Wengine huficha wakiogopa kuahirishiwa. Ndugu yangu, kurudi siku nyingine ni bora kuliko kutorudi nyumbani. Na kama ni dharura, mtaalamu anazo njia za kumkinga aliyekula, mradi aambiwe ukweli.

Mweleze pia kuhusu pumu, presha, sukari, meno yanayolegea, dawa zako zote pamoja na za mitishamba, na ndugu aliyewahi kudhurika kwa nusu kaputi. Akina mama, futeni rangi ya kucha, na mwenye piko aseme, kwani vinaweza kukizuia kifaa cha kidoleni kusoma oksijeni sawasawa.

Mwili ni amana. Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.